Bandari tunayoipita kila siku



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, ndugu yetu mmoja wa Kingazija ambaye ameishi Marseille, Ufaransa, kwa miaka mingi, alikaa nasi katika baraza ya msikiti wetu hapa Kariakoo. Alikuja kuwazuru jamaa zake, na vijana wa madrasa wakamzunguka kutazama picha zilizomo katika simu yake. Aliwaonesha bandari kongwe ya mji ule, ambayo Wagiriki waliianzisha takriban miaka 2,600 iliyopita. Mdomoni mwake zimesimama ngome mbili zikitazamana. Asubuhi wavuvi huuza samaki ukingoni mwa maji, na kivuko kidogo huvusha watu toka upande mmoja hadi wa pili kwa dakika chache tu. Akawaeleza kwamba maelfu ya Wangazija wanaishi mji ule, na kwamba upande mmoja wa bandari nyumba si za kale kama mtu angetarajia, kwa kuwa mwaka 1943 jeshi la Ujerumani liliwatoa wakazi na kuulipua mtaa mzima kwa baruti.

Mtoto mmoja akauliza, "Ami, na sisi ya kwetu iko wapi?"

Kabla mgeni hajajibu, mwenzake akadakia: "Ya kwetu ni makontena." Kila mtu akacheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulipofika nyumbani jambo lile halikutuacha. Toka baraza ile hadi maji ya bandari ya Dar es Salaam hakuna mwendo wa saa moja kwa miguu. Watoto wetu huvuka mji ule wakiwa ndani ya basi la mwendokasi, kichwa kimeinamia simu, na wazazi wao tunauendea kwa shughuli za benki, forodha na mahakama. Hatujawahi kuutembelea kama mtu anavyotembelea mji.

Basi Jumamosi moja ya likizo tukawatoa. Walikuwa watoto thelathini na mmoja, akina mama sita, akina baba watatu (hesabu hiyo tunaiacha kama ilivyo, wenye kuelewa wataelewa), maji, vitumbua na kofia za jua. Tulitoka msikitini saa moja asubuhi kabla ya jua kuwa kali.

Tulianza na jina la mahali tulipokuwa tumesimama. Watoto wachache sana walijua kwamba Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, wale Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao iliwekwa hapa. Mama mmoja, mzaliwa wa Gerezani, aliongeza kwamba babu yake alikwenda na kikosi kile na hakurudi. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya unga, na watoto wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Tukafuata Mtaa wa Uhuru hadi Mnazi Mmoja. Watoto wanakijua kiwanja kile kwa Maulidi na kwa mabaraza ya Idi. Tuliwaeleza kwamba hakikuachwa wazi kwa ajili ya furaha zetu. Wakoloni waliugawa mji sehemu tatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwazi ule ulikuwa mpaka wa kututenga sisi wa huku na wale wa kule. Kwamba leo twasimama pale kumsalia Mtume (s.a.w.) mahali palipokusudiwa kuwa uzio, hilo tuliwaachia walitafakari wenyewe.

Mnara wa Saa tuliupita haraka, kwani magari hayana subira. Tukaingia Mtaa wa Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari, na hapo hatukupanga kukaa muda mrefu, lakini tulikaa. Sanamu ile ya shaba iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vile vile tulivyokuwa tumevitaja asubuhi. Sisi wenyewe tumepita pale mara zisizohesabika, na hatukuwahi kusoma maandishi yaliyo chini yake. Msichana wa darasa la nne, aliye katika juzuu ya tatu, alisogea karibu, akaanza kusoma herufi za Kiarabu kwa sauti kama anavyosoma ubaoni. Baada ya maneno mawili matatu akageuka na macho yamemtoka: "Ustadh, hiki si Kiarabu! Hiki ni Kiswahili!"

Kweli ni Kiswahili. Maandishi ya pale yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na vile vile kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu wakati ule ndizo walizozisoma wengi wa watu wa pwani. Watoto wote wakasukumana mbele. Tuliwaambia kwamba kabla ya hati za kizungu, babu zao waliandikiana barua, hati za mashamba na mashairi kwa herufi hizo hizo wanazochapwa kidogo kwa ajili yake madrasa. Mwalimu mmoja akatunong'oneza kwamba tangu leo atawafundisha kuandika majina ya mitaa yao kwa hati hiyo. Inshaallah.

Toka hapo tukateremka hadi ufukweni, tukaifuata Kivukoni mpaka Feri. Kuhusu soko la samaki hatuna mengi ya kusema zaidi ya kwamba kulikuwa na kelele, harufu na furaha. Baadhi ya watoto wa Kariakoo walikiri kwamba hawakuwahi kumwona changu ambaye bado hajakaangwa. Walisimama wakitazama mnada, wakatazama pantoni ikijaza watu wa kwenda Kigamboni, na mmoja akasema hicho si ndicho kivuko cha kwenye simu ya Ami? Ndicho, tukamwambia, ila cha kwetu ni kikubwa zaidi na kina watu wengi zaidi.

Wakati huo huo meli kubwa ya mizigo ikaingia mlango wa bandari. Anayeishi Dar es Salaam akaacha kulitazama jambo hilo amejinyima. Mlango ni mwembamba, kiasi kwamba meli huonekana kana kwamba inapita katikati ya nyumba za watu. Nyuma ya wembamba huo maji yanapanuka, yana kina na yametulia. Hapo ndipo palipotupa nafasi ya kuwaeleza watoto kwa nini mji huu upo. Ufuko huu ulikuwa na kijiji cha wavuvi, Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliiona bandari hii iliyokingwa na pepo, akaamua kujenga mji juu ya bara, na akaupa jina la salama. Aliwaita Waarabu wa Hadharamauti na wafanyabiashara wa Kihindi waje kukaa. Septemba 1867 aliwafanyia karamu hapa mabalozi wadogo wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani, kuwaonesha mji wake mpya. Mwaka 1870 akafariki, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja nao. Nyumba zikaachwa kwa popo mpaka Wajerumani walipokuja, wakaufanya makao makuu yao mwaka 1891.

Mvulana mmoja akauliza nani alibeba mawe. Swali hili tulilitarajia, na tulikuwa tumekubaliana na walimu kwamba hatutalikwepa. Miongoni mwa waliobeba na waliolima mashamba ya minazi yaliyouzunguka mji ule walikuwa watumwa. Sultani alikuwa Mwislamu, aliswali na kufunga, na watu wale walikuwa watumwa. Mzazi mmoja hakupendezwa na jibu hilo; aliona tunawapa watoto silaha ya kutupiga nayo. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Mtoto atayasikia haya shuleni au mtaani, na ni bora ayasikie kwanza kwa mtu atakayemwambia pia kwamba kumwacha huru mtumwa ni ibada iliyotajwa ndani ya Qur'ani, na kwamba wapo waliolisahau hilo.

Tuliporudi kuelekea magharibi tukapita kanisa la Kilutheri la Azania Front, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa ya zama za Wajerumani. Tulisimama nje, kando ya njia. Palizuka mjadala mdogo kama inafaa kuwasimamisha watoto pale. Jibu letu lilikuwa kwamba kutazama jengo la jirani si kuswali ndani yake. Lakini tulichotaka wakione ni kwamba majengo yale yana zaidi ya miaka mia moja na vigae vyake vimo mahali pake. Kuna watu wanaokaa vikao, wanachanga na kuyatunza.

Hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ambayo tulikuwa tumesikia habari zake lakini hatukuwa tumeitazama kwa makini. Inaitwa Atiman House. Ni miongoni mwa majengo machache ya Sayyid Majid yaliyobaki. Inasimuliwa kwamba aliijenga kwa ajili ya wake zake. Na walioitunza hadi leo ni mapadri, wale wanaoitwa White Fathers. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1868 mjini Algiers na askofu Mfaransa, Lavigerie, na kwa kuwa lilizaliwa katika nchi ya Waislamu, vazi lao lilifuata kanzu nyeupe za watu wa kule. Msafara wao wa kwanza wa kuja Afrika Mashariki ulipanda meli mwaka 1878 katika bandari ile ile ya Marseille iliyokuwa kwenye simu ya mgeni wetu. Jina la nyumba ni la daktari Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadri hao, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1956.

Tunakiri kwamba tulisimama pale tukiwa na hisia zilizochanganyika. Nyumba ya Sultani wa Kiislamu, yenye jina la mtoto aliyezaliwa nchi ya Waislamu akauzwa, ikitunzwa na mapadri. Ingekuwa rahisi kuandika hapa malalamiko. Lakini kasri lenyewe la Majid halipo tena, na hatujui kama lingekuwapo leo hata kama lingebaki mikononi mwetu. Kwa nini tunasema hivyo, itaonekana punde.

Kituo cha mwisho kilikuwa Old Boma, pembeni mwa Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro. Nayo ni ya wakati wa Majid, iliyojengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukiingia kutoka juani unahisi umeteremka kisimani. Miaka ya karibuni imekarabatiwa na kuwekwa maonesho ya historia ya majengo ya mji huu, na familia yoyote inaweza kutumia saa nzima pale bila kuchoka. Tunaishauri hasa kwa wenye watoto wa sekondari.

Pale ndipo mvulana wa miaka kumi na mmoja alipouweka mkono wake juu ya nakshi za mlango, akazifuata kwa kidole, akatuuliza: "Ustadh, huu si kama ule wetu wa stoo?"

Hatukumjibu. Tulisema muda wa Adhuhuri umekaribia, tukawaongoza watoto hadi Msikiti wa Kitumbini, tukaswali jamaa, tukarudi Kariakoo.

Wasomaji wetu wanastahili kujua alichokuwa akikiulizia. Msikiti wetu una sehemu kongwe ambayo kamati imeamua kuivunja ili kujenga ghorofa, maduka chini na madrasa juu. Uamuzi huo hatuutetei wala kuulaumu hapa. Ukuta umepasuka, watoto wanasoma kwa zamu kwa kukosa nafasi, na tangu jengo la jirani zetu wa Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 na kuua watu (Mwenyezi Mungu awarehemu), hakuna mjumbe anayethubutu kuufumbia macho ufa. Mhandisi ameshauri, nasi tumemsikiliza.

Lakini sehemu ile ilikuwa na mlango wa mvule, wa kuchongwa, wenye mbao mbili na mfaa katikati, ambao wazee wanasimulia kuwa uliletwa kwa jahazi kutoka Unguja. Ulipong'olewa ukawekwa stoo nyuma ya mabati na majeneza. Akaja mtu anayenunua vitu vya kale kwa ajili ya hoteli za ufukweni, akataja bei ambayo ingetosha kulipia nondo za msingi. Kamati ikakubali. Akatoa arbuni. Na aliyeandika muhtasari wa kikao kile, kwa kalamu yake na kwa hati nzuri, ni sisi tunaoandika safu hii.

Hatukuwa na udhuru wa kutojua. Mambo ya wakfu tuliyasoma chuoni. Tunajua habari ya Sayyidna Umar (r.a.) na ardhi yake ya Khaybar, aliyoelekezwa na Mtume (s.a.w.) aishike asili yake na kuyatoa matunda yake, nayo ikawa haiuzwi wala hairithiwi. Tunajua pia kwamba Imamu Nawawi, katika Minhaj, amelitaja suala la mikeka ya msikiti iliyochakaa na magogo yake yaliyovunjika. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi ni kwamba vitu hivyo vinafaa kuuzwa pale ambapo havifai tena kwa lolote isipokuwa kuni. Mlango ule haujafika hapo. Unafunga na kufunguka. Na arbuni yenyewe, ile ambayo muuzaji hubaki nayo mnunuzi akijitoa, tulisoma hukumu yake katika madhehebu hayo hayo. Siku ya kikao tulijiambia kwamba hatuna uhakika kama mlango uliwekwa wakfu au ulinunuliwa tu kwa fedha za jamaa, na kwamba nondo ni haja. Tulijiambia kwa haraka.

Jioni ya siku ile ya matembezi watoto hawakwenda nyumbani. Tuliwakuta stoo wameyasogeza mabati na wanaufuta mlango vumbi kwa matambara. Umepakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka, kila Ramadhani na mpya yake, hata nakshi zimezibwa. Msichana yule yule wa Sanamu ya Askari alikuwa amepiga magoti mbele ya kizingiti cha juu, ambacho kimelazwa sakafuni, akichokoa rangi kwa ncha ya kijiti cha mswaki. Alikuwa ametoa tarakimu nne, 1345, mwaka wa Hijria unaoangukia kati ya 1926 na 1927, karibu sawa na ile sanamu. Na kabla ya tarakimu alikuwa ametoa herufi tatu: waw, qaf, fa.

"Ustadh," alisema, "si inasomeka wakfu?"

Inasomeka wakfu.

Tumekwisha kumpigia simu mnunuzi, tukamwambia fedha yake ipo kamili kwa mweka hazina na anaweza kuifuata siku yoyote. Hakufurahi, na ana haki ya kutofurahi, kwa kuwa alituamini. Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya Alasiri, na ajenda ya kwanza ni mlango. Ya pili ni wapi zitapatikana fedha za nondo, na hapo hatuna jibu. Mjumbe mmoja amependekeza mlango uwekwe katika kibla cha ukumbi mpya, mwingine anaona urudi mahali pa mlango hata kama mchoro utabadilika. Fundi seremala wa Gerezani aliyekuja kuutazama ametukataza kabisa kutumia msasa. Anasema rangi itolewe kwa dawa na kwa brashi, taratibu, shibiri kwa shibiri. Watoto wanakuja kila siku baada ya darasa. Kati ya neno wakfu na mwaka kuna jina, nalo kwa herufi zilizokwisha kuonekana linaelekea kuwa la mwanamke. Sehemu iliyobaki bado iko chini ya rangi.